Majivu Juu ya Hina

Bi Mariamu alizikwa Meru mjini mwezi uliopita, na mimi nilifika msibani kwa gari langu, nikiliendesha mwenyewe, nimevaa buibui niliyoinunua Maskati wakati wengi wa rika langu walikuwa hawajaiona hata Mombasa. Wanaume walikuwa wameshaondoka na jeneza. Sisi wanawake tulikaa mikekani katika chumba cha mbele, tumebanana, wengine wakisoma, wengine wakinong'ona, na katika minong'ono hiyo nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Unamwona yule mnene pale dirishani? Huyo ndiye aliyekuwa mikono kwa marehemu, kule Kangeta." Mwenzake akauliza, "Mikono vipi?" "Mikono. Ukishapakwa hina huwezi kushika kitu, yeye ndiye anakulisha." "Huyu mwenye gari?" "Huyo huyo." Nilijifanya sikusikia, lakini nilinyoosha mgongo, na chai waliyonipa nikainywa polepole ili wanitazame vizuri.

Nitasema mapema kwamba mimi ni mtu wa diploma. Iko ukutani ofisini kwangu, ndani ya fremu ya kioo, na inasema nimefuzu elimu ya ngozi na urembo kwa daraja la sifa. Niliipata Uingereza nikiwa na umri ambao wengine wanabembeleza wajukuu, baada ya miaka mingi ya kuwapaka hina maharusi wa Maskati, na katika darasa lile mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kuliko wote na ndiye niliyekuwa wa kwanza. Nilirudi nyumbani kwa hiari yangu. Sikufukuzwa na sikuchoka. Nikafungua chuo changu hapa Meru, na leo wasichana wanatoka Mikinduri, Kiirua, Runyenjes na Siakago kuja kujifunza kwangu jinsi ya kuchunga unga wa hina, jinsi ya kuukoroga, na kwa nini hawataweka dawa ya nywele ndani yake maadamu mimi nipo hai. Ninapoalikwa kuzungumza mashuleni huwaambia watoto kwamba sikubebwa na mtu, na watoto hupiga makofi. Ni kweli. Lakini katika hadithi hiyo kuna mwaka mmoja ambao huwa nauruka, na pale mkekani, nikizungukwa na harufu ya ubani na wanawake walionikumbuka kwa jina la kazi, niliona kwamba nimeuruka vya kutosha.

Baba mdogo, aliyenilea, alinipeleka Kangeta mvua za Oktoba zilipoanza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo mazuri ambayo hayakuwa na mahali pa kwenda. Yeye alikuwa na shamba la miraa kwetu Mikinduri, na Athmani, mwana wa Bi Mariamu, alikuwa mnunuzi. Miraa haingoji mtu. Ikishachumwa ni lazima ifungwe kwenye majani ya ndizi na iwe barabarani kabla haijanyauka, na mkulima asiye na mnunuzi wa kudumu huishia kuwalisha mbuzi jasho lake. Bi Mariamu alitaka msichana mwenye akili, asiye na mchumba, wa kumsaidia kazi ya hina. Baba mdogo alitaka Athmani asilipite shamba lake. Walikubaliana wamesimama langoni, mimi nikiwa pembeni na mfuko wangu wa nguo. "Atakaa mpaka lini?" nikamsikia Bi Mariamu akiuliza. Baba mdogo akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mpaka mambo ikae sawa." Mambo gani, na yakae sawa kwa nani, hakuna aliyesema. Aliponiaga aliniambia kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, "Ukitoka hapa, miraa yangu imekufa. Unanisikia?" Nikamwambia nimesikia. Kisha lango la mabati likafungwa, na komeo lake la chuma likaingia mahali pake kwa sauti ambayo nilikuja kuijua kuliko sauti ya mtu yeyote.

Nyumba ilikuwa ya mbao, vyumba vinne kuzunguka ua wa saruji. Chumba changu ndicho kilichokuwa chumba cha kazi. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa ghala la jirani, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unaugusa. Sakafuni mikeka miwili na mito ya pamba, ukutani kanga zilizotundikwa kuficha mbao zilizochomwa na moshi, na kwenye kona magunia madogo ya majani ya mhina yaliyoletwa kutoka Lamu, alikozaliwa Bi Mariamu. Kila kitu humo kilinuka hina na mafuta ya mkaratusi: mto wangu, mkate, nywele zangu. Nje ya ukuta nilisikia soko lote la Kangeta. Wanaume wakibishana juu ya vibunda, wanawake wakipasua majani ya ndizi, magari ya miraa yakiondoka kwa kasi kama yanayofukuzwa. Nilijua sauti ya breki za gari la Athmani. Nilijua mama fulani aliyeuza ndizi na kumtukana mumewe kila alasiri. Sikuwahi kumwona uso. Wanawake wa nyumba ile hawakutoka bila sababu, na Bi Mariamu alisema maadamu nalala kwake, mimi ni mwanamke wa nyumba ile. "Soko si mahali pa kuzurura, mwanangu. Unataka nini nikuletee?" Na kweli aliniletea, chochote nilichotaja. Kwa hiyo sikuwa hata na kisingizio cha kutoka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi nilitwanga majani makavu, nikachunga unga kwa kitambaa cha leso kuukuu mpaka ukawa laini kama poda ya mtoto. Nilichemsha chai kavu kali, nikakamua ndimu, nikatia sukari ili hina ishike ngozini isimomonyoke, na matone ya mkaratusi. Uji huo tuliuacha ukilala. Bi Mariamu alichora kwa koni ndogo aliyoikunja kutoka kipande cha nailoni, na hakuwahi kuchora kitu mara mbili. Maharusi walikuja kwake kutoka Maua na Isiolo, na mara nyingine tuliwafuata sisi. Aliyepakwa alilala chali juu ya mito, mikono na miguu imetandazwa kama nguo iliyoanikwa, na hapo ndipo zamu yangu ilipoanza. Nilimlisha. Nilimnywesha. Nilimkuna mgongo, nikamfukuzia nzi, nikampangusa pua, nikamsaidia mpaka msalani. Nimewalisha wanawake wengi kiasi kwamba ningeweza kukuambia tabia ya mtu kwa jinsi anavyopokea tonge. Wako waliofungua mdomo kabla hujafika, wako waliokubana kidole kwa meno. Wapo waliolia huku wakitafuna. Na wote, pamoja na mama zao na shangazi zao, walizungumza juu ya kichwa changu kama kwamba mikono haina masikio. Nilisikia bwana harusi yupi alikuwa na mke mwingine Garissa. Nilisikia nani aliolewa ili kaka yake apate duka. Siku moja shangazi mmoja alisema, "Tusiseme mbele ya msichana," na mwenzake akamjibu, "Huyo? Huyo wa milimani huyo, anajua nini?" Nilikuwa nimeshika kijiko cha biriani hewani. Nikakipeleka kilikokuwa kikienda.

Siwezi kusema nilionewa. Hilo ndilo linalonipa shida kulieleza kwa wanafunzi wangu, ambao wanadhani kifungo ni lazima kiwe na bakora. Nilikula kuliko nilivyokula nyumbani. Kulikuwa na mahamri, pilau ya Ijumaa, samaki mkavu aliyekaangwa kwa nazi ambayo Athmani aliileta na magari yanayorudi kutoka pwani. Bi Mariamu hakunipiga na hakunitukana. Alinifundisha kukoroga hina kwa sikio, kwa sauti ya mwiko. Lakini hakunipa koni. Kila nilipoomba kujaribu alisema, "Mikono yako ina kazi yake." Na kila baba mdogo alipokuja kuleta miraa alisimama langoni, akauliza kwa sauti kubwa kama hali yangu ni njema, na kabla sijajibu akawa ameshamgeukia Athmani kuzungumza bei. Mimi niliyekuwa nikishinda wavulana hesabu nilikuwa nimekaa katika chumba chenye ukuta badala ya dirisha, nikisubiri mambo yakae sawa.

Mwezi wa saba ulileta ukungu. Unateremka kutoka vilima vya Nyambene na kukaa, na kwa wiki nzima hulioni jua. Bi Mariamu alikuwa akizeeka mwezi huo. Hina ya kweli inataka joto, na mwili wenye baridi haupokei rangi. Maharusi wake walitoka na mikono ya rangi ya karoti. "Baridi ya hapa inaua hina," alilalamika, akijifunika leso tatu. Huko Maua alikuwapo mwanamke aitwaye Salma, aliyechanganya dawa nyeusi ya nywele na kuita piko, na michoro yake ilitoka myeusi kama lami saa ileile, jua liwepo lisiwepo. Wengine waliota malengelenge na makovu, lakini kovu huonekana baada ya arusi. Mteja mkubwa kabisa wa mwaka ule, mama mmoja wa Isiolo aliyeitwa Mama Rukia, alikuja kunywa chai kwetu na kusema bila kuficha, "Bi Mariamu, mpwa wangu ulimpaka akatoka kama amechambua manjano. Rukia wangu akitoka hivyo, mimi nitaaibika. Bora nende kwa Salma." Bi Mariamu akamwambia, "Nenda, ukamchome mwanao." Mama Rukia hakwenda, lakini alipoondoka hakuacha ahadi.

Ni katika wiki hizo nilipoletewa habari na mwalimu wangu wa zamani, kupitia kwa Athmani: chuo kimoja kidogo cha ukatibu kule Embu, cha kanisa, kilikuwa kinahoji wasichana siku ya Jumatatu, na jina langu alikuwa ameshalipeleka. Sikuwa na ndoto ya kuwa katibu. Lakini chuo kilikuwa na bweni, na bweni ni mahali ambapo mtu analala pasipo kuwa nyumba ya mtu. Na mwalimu alisema kwamba baba mdogo hatakataa jambo la masomo mbele ya watu, miraa au si miraa. Nilijua hiyo ndiyo nafasi yangu na kwamba haitakuja nyingine upesi. Nilimwambia Bi Mariamu Ijumaa. Alinisikiliza akichambua mchele. "Embu," alisema. "Haya. Sikuzuii."

Jumamosi, baada ya chakula, aliniita kwenye chumba cha kazi na kuniambia nilale kwenye mito. "Leo nakupaka wewe." Nilikuwa nimekaa kwenye kazi ile muda wa kutosha kujua kwamba msichana asiyeolewa hutiwa duara la kiganjani na ncha za vidole, basi. Yeye alianza kwenye kiwiko. Nikamwambia, "Lakini mimi si bibi harusi." "Hapa ndani nani atakuona?" akasema, bila kuinua macho. Ningeweza kuuvuta mkono. Nimejiuliza mara nyingi, hata darasani Uingereza mwalimu akieleza mambo ya ridhaa ya mteja, kwa nini sikuuvuta. Jibu ni kwamba nilitaka. Nilikuwa nimewatazama wengine wakipakwa kwa miezi, na koni ile ilikuwa baridi na taratibu, maua yakipanda juu ya mkono wangu moja baada ya jingine, na Bi Mariamu akiimba kwa pua. Alipomaliza mikono yote miwili na miguu mpaka vifundoni, alikwenda jikoni akarudi na sahani ya pilau, akaketi karibu yangu, akafinyanga tonge akaniletea mdomoni. Hakuna mtu aliyewahi kunilisha tangu nijitambue. Nilikula sahani nzima. Kila tonge lilikuwa tamu, na nilipofika katikati nikaelewa kwamba Jumatatu sitaweza kuificha mikono hii, na nikaendelea kufungua mdomo.

Tangu siku hiyo nimebishana na nafsi yangu kama ilikuwa zawadi au kufuli. Alijua hina hufikia rangi yake siku ya pili. Alijua mimi naenda wapi. Lakini pia najua mkono wa mtu anayepaka ili kufunga na mkono wa mtu anayepaka kwa kupenda, nimefundisha tofauti hiyo, na kazi aliyoifanya mikononi mwangu siku ile ilikuwa bora kuliko ya bibi harusi yeyote. Naamini alifanya yote mawili, na kwamba hakuona tofauti.

Jumapili asubuhi, hina ilipokwisha kukauka na kubanduka, mikono yangu ilikuwa ya rangi ya machungwa, hafifu, kama ilivyotarajiwa kwa baridi ile. Nikasubiri Bi Mariamu aende kumjulia hali mgonjwa, nikaingia jikoni kuitoa. Sasa, mimi ni mtu wa milimani. Kwetu kila mtoto anajua doa la mkononi linatoka vipi, kwa sababu kwetu doa ni moja tu, utomvu wa ndizi mbichi, ule unaogeuza vidole kuwa vyeusi ukimenya za mukimo, chakula chetu cha kuponda. Unapaka mafuta ya kupikia, unakamua ndimu, unasugua kwa majivu ya moto, unaweka mikono juu ya makaa mpaka ngozi ipate joto, unapangusa. Doa linatoka. Nilifanya hivyo kwa bidii yote niliyokuwa nayo. Nilikaa juu ya makaa mpaka machozi yakanitoka. Nikasugua, nikapaka, nikaota moto tena. Rangi haikutoka, nikadhani sijasugua vya kutosha, nikaongeza majivu. Diploma yangu inanifanya niweze kukueleza leo kwamba magadi yaliyo ndani ya majivu, pamoja na mafuta na joto, ndivyo vitu hasa ambavyo hina huviomba ili iive. Wakati ule sikuwa na diploma. Jumatatu alfajiri nilipoitazama mikono yangu kwenye mwanga wa mlango, ilikuwa imeiva rangi ya ini, inakaribia nyeusi, na kila ua lilisomeka kuanzia kiwiko hadi ukucha.

Nilikwenda Embu hivyohivyo. Nilivaa sweta na kuvuta mikono yake mpaka kwenye vidole. Tulikuwa wasichana kumi na kitu tumeketi kwenye benchi katika ukumbi uliopigwa rangi ya kijani hadi nusu ya ukuta, na ningepita, nakuapia ningepita, kwa sababu kila swali walilouliza nilijua jibu lake na wenzangu walitetemeka. Lakini chuo kilikuwa cha ukatibu. Mkuu wa chuo, mwanamke mwembamba mwenye miwani, alinionyesha taipureta mezani akasema, "Kaa hapo. Kunja sweta, uweke vidole kwenye herufi, nione kama ni vyepesi." Nikakunja. Mchungaji aliyekaa naye aliweka kikombe chake chini.

"Umeolewa lini?" mkuu akaniuliza.

"Sijaolewa, Madam."

"Nimefundisha Mombasa, msichana. Hiyo ni hina ya bibi harusi. Nauliza kama bwana yako anajua uko hapa."

"Sina bwana. Nilipakwa tu."

"Alipakwa tu," Mchungaji akasema, akiwageukia wengine. "Kama kibuyu." Wakacheka, na mkuu naye akacheka kidogo. Kisha akaniambia kwa upole ambao uliniuma kuliko kicheko, "Hapa tunachukua wasichana. Mke wa mtu ana kazi zake. Na kama kweli huna bwana, basi kuna jambo baya zaidi hutuambii. Rudi kwa watu wako." Nilivuta mikono ya sweta. Vidole vyangu vilikuwa bado juu ya herufi, na ninakumbuka kwamba sikuwa nimebonyeza hata moja.

Watu wangu walikuwa nani? Kwa baba mdogo ningekaa siku moja kabla hajanirudisha mwenyewe. Nilirudi Kangeta mwenyewe, nikagonga lango, na Bi Mariamu akanifungulia na kulifunga tena bila kuniuliza lolote. Nililala kwenye mkeka nikitazama ukuta wa ghala. Mama wa ndizi alikuwa akimtukana mumewe. Nilifikiri, nitazeeka hapa, nitawalisha mabinti wa hawa maharusi na mabinti wa mabinti, na yule mama atakufa huko nje sijamwona uso.

Asubuhi yake nilikuwa nafua uani, sweta nimelivua, Bi Mariamu akatoka na birika la udhu. Alisimama. Aliliweka birika chini, akanishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga, akaunusa. "Nani kakupaka tena?"

"Hakuna."

"Usinidanganye. Hiki ni kidole changu, hili ua ni langu. Lakini rangi hii nimeiacha Lamu, msimu wa joto. Hapa sijaiona. Salma?"

"Salma anatia dawa. Nusa, kuna dawa?"

Alinusa tena. "Hakuna. Umefanya nini?" Nikaendelea kufua. Ilikuwa mara ya kwanza katika nyumba ile kuwa na kitu ambacho mtu alikihitaji kutoka kwangu, nje ya vidole. Siku nzima alinizunguka. Aliniuliza kama nililala na mikono kwenye pamba, kama nilipitia jua la Embu, kama niliogea maji ya chumvi. Jioni akaja na chai yake akaketi kizingitini kwangu. "Mama Rukia ametuma neno, anakuja keshokutwa na mwanawe. Unajua hilo."

"Najua."

"Unataka nini?"

"Nataka baba mdogo aitwe. Umwambie mbele yangu, na Athmani asikie, kwamba miraa yake itanunuliwa niwe hapa au nisiwe hapa."

Akapuliza chai yake. "Na wapi utakwenda na mikono hiyo?"

"Hilo ni langu, Bi Mariamu."

"Pilau yangu haikukaa tumboni hata kidogo," akasema, na sikujua kama anacheka.

Baba mdogo alikuja akidhani nimekufa au nimepata mimba. Aliketishwa kwenye kigoda uani, akapewa chai na hamri, akaiona mikono yangu, akaiweka hamri chini. Athmani aliegemea lango, shavu limejaa miraa. Bi Mariamu alisema maneno yangu kama nilivyoyasema, hakupunguza hata moja, na Athmani akatikisa kichwa kukubali kwa sababu mama yake alikuwa anamtazama. Baba mdogo akasema, "Mimi sina ubaya. Lakini huyu msichana ataenda wapi na hiyo mikono? Wamama ya kanisa watasema nimemuuza kwa Waislamu."

"Kwani hukumuuza?" Bi Mariamu akamuuliza.

Athmani alicheka mpaka akatema. Baba mdogo alitazama chai yake, kisha akanitazama mimi, na huo ndio wakati pekee katika mwaka ule aliponitazama kwa muda wa kutosha kuniona. Alimaliza chai, akaomba radhi kwa kuchafua sahani, akaenda.

Ndipo nikasema. Bi Mariamu alisikiliza huku uso wake ukikunjamana. "Majivu? Nimpake binti wa watu majivu ya jikoni?" Alijaribu kwanza kwenye kifundo chake cha mguu, na kulipopambazuka akaniita, akanionyesha mguu, akanipa koni. Rukia alipakwa na sisi wawili, yeye mkono wa kulia, mimi wa kushoto, na mama yake alipoiona rangi siku ya pili alimvuta binti mlangoni mara tatu kuitazama juani, ingawa jua halikuwapo. "Nani amefanya hii ya kushoto?" Nikasema mimi. "Maua yako yanafanana kidogo na mbogamboga," akasema, "lakini dada yangu Isiolo ana arusi mfululizo na hana mtu. Lori letu linapita Jumamosi asubuhi. Unaweza kupanda." Kutoka Isiolo nilifika Mombasa, na kutoka Mombasa Maskati, na hiyo ni sura ambayo wanafunzi wangu wanaijua kwa moyo.

Jumamosi ile Bi Mariamu aliondoa komeo mwenyewe, akarudi ndani kuendelea na mchele wake. Hatukuagana vizuri, wala hatukuagana vibaya. Nilitoka. Soko, ambalo awali nililipita mbio nimeinamisha kichwa, lilikuwa dogo kuliko sauti zake. Lori lilikuwa halijafika, na baridi ilikuwa kali, kwa hiyo niliingia kwenye hoteli ya mbao karibu na barabara, chumba kimoja chenye meza ndefu na wanaume waliokuwa wanafunga miraa, nikaketi, nikaweka mikono yangu juu ya meza kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuiweka. Mazungumzo yalisimama, kisha yakaendelea kwa Kimeru, juu yangu, kama mvua juu ya bati. "Huyu ni wa kwa Athmani?" "Hapana, ni Mborana huyu. Angalia mikono." "Bwana yake ana mali. Hiyo si hina ya mtu wa hivihivi." "Muulize kama atakula muthere." "Hawali chakula chetu hao. Na hata akila, atakula na nini? Huyo hulishwa." Walicheka, bila chuki, kama wanaume wanavyocheka asubuhi. Mwenye hoteli, mzee mwenye kofia ya sufu, akanijia na kuniuliza polepole kwa Kiswahili, kama anayeongea na kiziwi, kama nilitaka kitu.

Nilimjibu kwa Kimeru, cha Mikinduri, na sikupunguza sauti. Nikamwambia ninataka chai ya maziwa na sahani ya muthere, na alete kijiko, kwa sababu nitakula mwenyewe.

Hakuna aliyecheka. Mzee alileta sahani ikitoka mvuke, mahindi na maharagwe na kipande cha kiazi juu, akaiweka katikati ya mikono yangu miwili kwa uangalifu. Mtu mmoja alinisogezea chumvi. Nilikula yote, bila haraka, wanaume wakifunga miraa yao na kunitazama kwa pembe za macho, mpaka lori la Isiolo likapiga honi barabarani na mimi bado nina chai kikombeni. Nikaimaliza kwanza.